Fahamu: Ukubwa wa Sampuli Unavyoamua Uzito wa Matokeo ya Utafiti wa Elimu na Saikolojia

Uamuzi wa kupanua mpango wa kufundisha kusoma katika shule za msingi, au wa kuusitisha, mara nyingi huegemea asilimia moja iliyoandikwa katika ripoti ya utafiti. Asilimia hiyo hutokana na wanafunzi wachache waliochaguliwa kuwawakilisha wengine wengi. Ikiwa waliochaguliwa ni wachache mno, au wametoka katika shule chache mno, mpango unaofaa unaweza kuachwa na usiofaa ukaendelea kutumia fedha za umma.

Makala hii inaeleza jinsi ukubwa wa sampuli unavyoathiri mbinu za takwimu katika utafiti wa elimu na saikolojia, kwa kutumia mifano ya Wilaya za Musoma, Bunda na Butiama mkoani Mara pamoja na tafiti zilizofanyika nchini. Lengo ni kumwezesha mwananchi, mjumbe wa kamati ya shule na diwani kuisoma ripoti ya utafiti na kutambua inaweza kusema nini na haiwezi kusema nini.

Sampuli na kosa lake

Sensa humhesabu kila mtu. Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 ilionesha kuwa Mkoa wa Mara ulikuwa na watu 2,372,015. Zoezi la namna hiyo hufanyika nchini kila baada ya miaka kumi kwa sababu ya gharama na maandalizi yake. Mtafiti anayetaka kujua uwezo wa watoto kusoma, hofu yao ya Hisabati au hali yao ya kisaikolojia hawezi kumpima kila mtoto. Huchagua baadhi yao, na hao ndio huitwa sampuli.

Sampuli iliyochaguliwa kwa bahati nasibu, ambapo kila mlengwa ana nafasi inayojulikana ya kuteuliwa, hutoa makadirio yanayokaribia hali halisi. Hata hivyo, makadirio hayo huwa na kiasi fulani cha kuyumba, kwa kuwa bahati ingeweza kuwateua watoto wengine. Kuyumba huko ndiko kosa la sampuli.

Kosa hili hupungua sampuli inapoongezeka, lakini halipungui kwa kasi ileile. Tuseme nusu ya watoto wanaweza kusoma hadithi ya darasa la pili. Sampuli nasibu ya watoto 100 itatoa asilimia inayoweza kuyumba kwa pointi 10 hivi juu au chini, kwa kiwango cha uhakika cha asilimia 95. Sampuli ya watoto 400 itayumba kwa pointi 5 hivi, na ya watoto 1,600 kwa pointi 2.5 hivi. Kwa hiyo, ili kupunguza kosa kwa nusu, mtafiti analazimika kuongeza sampuli mara nne, na gharama ya usafiri, karatasi na posho za wasaidizi hupanda vivyo hivyo.

Namba 384 na wilaya tatu

Tasnifu nyingi za shahada za uzamili hutaja sampuli ya watu 384 au 400. Namba hizo zina asili inayofahamika. Mwaka 1970, Robert Krejcie na Daryle Morgan walichapisha jedwali linaloonesha ukubwa wa sampuli kwa kosa lisilozidi pointi 5. Kwa kundi la watu 1,000 jedwali hilo linataka watu 278; kwa watu 10,000 linataka 370; na kwa watu 1,000,000 linataka 384. Kanuni ya Taro Yamane ya mwaka 1967, inayotumika sana katika vyuo vikuu nchini, huishia karibu na 400.

Wasomaji wengi hushangaa kuona kundi likiongezeka mara mia huku sampuli ikiongezeka kidogo tu. Mpishi huonja chumvi ya mchuzi kwa kijiko kimoja, sufuria iwe ya familia au ya harusi, mradi mchuzi umekorogwa vizuri. Kinachoamua usahihi ni ukubwa wa sampuli yenyewe na namna ilivyochaguliwa, si sehemu ambayo sampuli hiyo inachukua katika kundi zima.

Tatizo hujitokeza pale namba hiyo inapogawanywa. Utafiti wenye watu 384 katika Musoma, Bunda na Butiama unaweza kutoa jibu moja kwa wilaya zote tatu kwa pamoja, kwa kosa la pointi 5. Ukitaka kila wilaya isimame peke yake, watu hao huwa 128 kwa kila wilaya, na kosa hupanda hadi pointi 9 hivi. Wilaya hizo tatu zina halmashauri tano, yaani Manispaa ya Musoma, Halmashauri ya Wilaya ya Musoma, Halmashauri ya Mji wa Bunda, Halmashauri ya Wilaya ya Bunda na Halmashauri ya Wilaya ya Butiama. Kwa kila halmashauri watabaki watu wasiozidi 77, na kosa litakuwa pointi 11 hivi.

Kulinganisha ni kugumu zaidi kuliko kukadiria, kwa sababu kila upande huja na kosa lake. Kwa sampuli ya watu 128 kila wilaya, tofauti ya chini ya pointi 12 hivi kati ya Bunda na Butiama haiwezi kutenganishwa na bahati. Ripoti itakayotangaza kuwa wilaya moja imeipita nyingine kwa pointi 6 itakuwa imesema zaidi ya ilichopima. Kwa hiyo, ukubwa wa sampuli hupangwa kwa swali lililo gumu kuliko yote katika utafiti. Aliyekusudia kulinganisha halmashauri tano, au wavulana na wasichana ndani ya kila halmashauri, anapaswa kukokotoa sampuli ya kila kundi tangu mwanzo.

Idadi ya shule ina uzito kuliko idadi ya wanafunzi

Jedwali la Krejcie na Morgan lina sharti ambalo husahaulika mara kwa mara: linachukulia kuwa kila mtu ameteuliwa peke yake. Katika elimu, watoto huteuliwa kupitia shule. Wanafunzi wa shule moja wana mwalimu mmoja, vitabu vilevile, umbali unaokaribiana wa kutembea na mara nyingi lugha moja ya nyumbani. Mtoto wa thelathini katika shule hiyo humwongezea mtafiti taarifa chache kuliko mtoto wa kwanza wa shule nyingine.

Mkoani Mara jambo hili lina uzito wa pekee. Shule ya mjini Musoma, shule ya kijiji cha wavuvi kandokando ya Ziwa Victoria na shule ya eneo la wakulima na wafugaji huwa na mazingira tofauti sana. Watoto huanza darasa la kwanza wakiwa na Kijita, Kikwaya, Kizanaki, Kiikizu, Kikurya, Kijaluo au lugha nyingine kabla ya kuzoea Kiswahili cha darasani. Tofauti kati ya shule na shule inapokuwa kubwa, uzito wa idadi ya shule huongezeka.

Wanatakwimu hupima mfanano wa wanafunzi wa shule moja kwa namba iliyo kati ya 0 na 1. Kwa mfano wa kukokotoa, namba hiyo ikiwa 0.2, wanafunzi 400 waliopatikana kwa kuchukua 40 katika kila shule kwenye shule 10 wana thamani ya wanafunzi 45 hivi walioteuliwa mmojammoja. Wanafunzi haohao 400 wakichukuliwa 10 katika kila shule kwenye shule 40, thamani yao hupanda hadi 143 hivi. Wakichukuliwa watano katika kila shule kwenye shule 80, hufikia 222 hivi. Idadi ya watoto haijabadilika katika mifano yote mitatu, ila kosa limeshuka kutoka pointi 15 hivi hadi chini ya pointi 7.

Mpango wa SACMEQ wa kupima ubora wa elimu Kusini na Mashariki mwa Afrika, ambao Tanzania ilishiriki, ulizingatia jambo hili. Masharti yake yalitaka sampuli ya kila nchi iwe na usahihi usiopungua ule wa wanafunzi 400 walioteuliwa mmojammoja. Kwa kuwa wanafunzi walipatikana kupitia shule, idadi halisi iliyopimwa ilikuwa kubwa mara nyingi zaidi.

Funzo la utafiti wa shule 350

Mfano bora nchini ni utafiti wa KiuFunza ulioendeshwa na Twaweza mwaka 2013 na 2014 kwa kushirikiana na watafiti wakiwamo Isaac Mbiti na Karthik Muralidharan. Swali lilikuwa ikiwa ujifunzaji huongezeka shule zinapopewa ruzuku, walimu wanapopewa motisha kulingana na matokeo ya wanafunzi, au vyote viwili vinapotolewa pamoja.

Utafiti ulihusisha shule 350 katika wilaya 10, yaani shule 35 kila wilaya. Kwa bahati nasibu, shule 70 zilipewa ruzuku, 70 zilipewa motisha ya walimu, 70 zilipewa vyote viwili, na 140 zilibaki kuwa kundi la ulinganisho. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionesha kuwa ruzuku peke yake haikuinua alama za wanafunzi, ilhali ruzuku pamoja na motisha viliinua alama kwa kiasi cha kutambulika.

Mpangilio huo unaonesha mambo mawili. Kwanza, kilichogawiwa kwa bahati nasibu ni shule, hivyo kilichohesabiwa katika nguvu ya utafiti ni shule. Pili, ndani ya wilaya moja kulikuwa na shule saba tu katika kila kundi lililopewa msaada. Utafiti ulitoa jibu kwa wilaya 10 kwa pamoja. Haukukusudiwa kutoa hukumu kwa wilaya mojamoja. Utafiti wa shule saba kwa saba katika wilaya moja pekee ungeweza kukosa kuiona faida ambayo ilikuwepo.

Mbinu za takwimu hubadilika na ukubwa

Mwaka 1908, William Gosset, mtaalamu wa kiwanda cha bia cha Guinness mjini Dublin, alichapisha mbinu ya kushughulikia sampuli ndogo kwa jina la bandia la Student. Jaribio la t linalotumika leo kulinganisha wastani wa makundi mawili lilitokana na kazi hiyo. Sampuli ndogo inahitaji tahadhari ya ziada, na Gosset alionesha tahadhari hiyo ikokotolewe vipi.

Kila mbinu ina mahitaji yake. Jaribio la kai-mraba, linaloangalia uhusiano wa makundi kama vile jinsia na utoro, huanza kupoteza uaminifu pale idadi inayotarajiwa katika visanduku vya jedwali inaposhuka chini ya 5. Hapo hutumika jaribio halisi la Fisher. Sampuli ikiwa ndogo na alama zikiwa zimeegemea upande mmoja, majaribio yanayotumia mpangilio wa nafasi, kama lile la Mann na Whitney, huwa salama zaidi kuliko jaribio la t. Uchambuzi wa regresheni wenye vigezo vingi na watu wachache hutoa mlinganyo unaowafaa watu haohao tu na kushindwa kwa wengine.

Katika saikolojia, hojaji za kupima msongo, kujiamini au motisha hukaguliwa kwa uchambuzi wa vipengele, ambao kwa kawaida huhitaji watu mia kadhaa. Hojaji iliyotungwa ughaibuni na kutafsiriwa kwa Kiswahili haiwezi kuthibitishwa kwa wanafunzi 40 wa shule moja. Inaweza kufanyiwa majaribio ya awali kwa idadi hiyo ili kuona kama maswali yanaeleweka, kisha ithibitishwe kwa sampuli kubwa.

"Hakuna tofauti" na matokeo yaliyotiwa chumvi

Uwezo wa utafiti kuiona tofauti iliyopo huitwa nguvu ya utafiti. Mwanasaikolojia Jacob Cohen wa Marekani alipendekeza nguvu hiyo isipungue asilimia 80. Kwa kigezo hicho, makundi mawili ya watu walioteuliwa mmojammoja yanahitaji watu 26 kila moja ili kuona tofauti kubwa, 64 kila moja kwa tofauti ya wastani, na zaidi ya 390 kila moja kwa tofauti ndogo. Mipango mingi ya elimu huleta mabadiliko madogo, ambayo hata hivyo yana thamani yakiwafikia watoto wengi.

Utafiti wenye wanafunzi 30 kwa 30 una nafasi isiyofikia nusu ya kuiona tofauti ya wastani. Ripoti yake ikisema haikuona tofauti, hiyo haina maana kuwa tofauti haipo. Hatari ya pili ni kinyume chake: utafiti mdogo ukibahatika kuiona tofauti, mara nyingi huiona kubwa kuliko ilivyo, kwa kuwa tofauti ya ukubwa wa kweli isingevuka kizingiti cha kitakwimu. Ndiyo maana mpango unaosifiwa baada ya majaribio ya shule chache hupoteza sehemu ya mafanikio yake unaposambazwa mkoa mzima.

Kanuni hiyohiyo huathiri orodha za ufaulu. Katika shule yenye watahiniwa 20, mtahiniwa mmoja ni pointi 5 za asilimia. Katika shule yenye 200 ni nusu pointi. Shule ndogo hupanda kileleni mwaka mmoja na kuporomoka mwaka unaofuata bila mwalimu wala mtaala kubadilika, na hujaa juu na chini ya orodha kuliko shule kubwa. Baraza la Mitihani la Tanzania lilipokuwa likipanga shule kwa ufaulu wa Kidato cha Nne, lilizitenga shule zenye watahiniwa chini ya 40 na zile zenye 40 au zaidi. Mwaka 2023 Baraza liliacha kutangaza orodha ya shule bora.

Sampuli kubwa nayo ina mipaka

Wingi hauponyi uteuzi mbaya. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilikusanya majibu zaidi ya milioni mbili na kutabiri kuwa Alf Landon angeshinda urais. Franklin Roosevelt alishinda majimbo 46 kati ya 48. Jarida liliwafikia zaidi wenye simu na magari, na waliojibu hawakufanana na wapiga kura kwa jumla. Vivyo hivyo, utafiti wa utoro unaowapima wanafunzi waliopo darasani tu utawakosa walio ziwani au machungani, hata ukiwapima maelfu.

Sampuli kubwa sana pia hufanya tofauti ndogo mno ionekane kuwa na maana ya kitakwimu. Alama moja kati ya mia inaweza kuthibitika kitakwimu kwa wanafunzi 50,000, lakini isitoshe kuhalalisha gharama ya mpango.

Takwimu ya mkoa si takwimu ya kijiji

Utafiti wa Afya ya Uzazi, Mtoto na Malaria wa mwaka 2015/16 uliwahoji wanawake 13,266 wa umri wa miaka 15 hadi 49 katika maeneo 608 nchini. Ulionesha kuwa asilimia 32 ya wanawake mkoani Mara walikuwa wamekeketwa. Utafiti huo ulipangwa kutoa makadirio hadi ngazi ya mkoa. Kwa kuwa mila hutofautiana kati ya jamii na jamii, asilimia hiyo haiwezi kuhamishiwa Bunda, Butiama au kata yoyote. Anayepanga idadi ya washauri nasaha kwa shule za wilaya moja anahitaji utafiti wa wilaya hiyo.

Tathmini za Uwezo ziliteua vijiji au mitaa 30 kwa wilaya na kaya 20 katika kila kijiji, yaani kaya 600, na kuwapima watoto wa miaka 7 hadi 16 majumbani. Kwa kupima nyumbani ziliwafikia pia wasiosoma shule. Mpangilio huo unafaa kuzungumzia wilaya. Kaya 20 hazitoshi kukihukumu kijiji wala shule yake.

Kuna maswali ambayo sampuli kubwa haipatikani wala haifai. Wasichana wanaohifadhiwa katika nyumba salama mkoani Mara baada ya kukimbia ukeketaji ni wachache, na kuwahoji mara nyingi kunaweza kuwaumiza upya. Kwa kundi la namna hiyo, mahojiano ya kina yanayoendeshwa na mtaalamu, au ufuatiliaji wa mtu mmojammoja kwa muda mrefu, hutoa maarifa ya kweli. Sharti ni kwamba matokeo yaelezwe kama simulizi na uelewa, bila kugeuzwa kuwa asilimia.

Mambo ya kuangalia katika ripoti

Watafiti wanaoingia katika shule hutakiwa kuwa na kibali na hupitia ofisi za mkoa, wilaya na halmashauri kabla ya kufika kwa mkuu wa shule. Hatua hizo ni fursa ya kuuliza mapema, kabla fedha na muda wa walimu havijatumika. Mwananchi au kiongozi anayepokea ripoti anashauriwa kuangalia mambo yafuatayo:

1. Shule, vijiji na kaya zilizohusika ni ngapi, mbali na idadi ya wanafunzi.
2. Washiriki waliteuliwa kwa bahati nasibu, au ni waliopatikana kwa urahisi, kama vile shule za karibu na barabara kuu.
3. Waliokataa kushiriki au kukosekana ni wangapi.
4. Kila asilimia imetajwa pamoja na kosa lake.
5. Ngazi inayozungumziwa, iwe mkoa, wilaya au kata, ndiyo ngazi ambayo sampuli ilipangiwa.
6. Hitimisho la kuwa mpango haukuleta tofauti limeambatana na maelezo ya tofauti ndogo kabisa ambayo utafiti ungeweza kuiona.
7. Matokeo yameonekana katika utafiti mwingine, au ni ya mara ya kwanza.

Ripoti inayojibu mambo hayo inaweza kutumika kupanga bajeti hata kama sampuli yake si kubwa, kwa kuwa msomaji anajua mipaka yake. Isiyoyajibu inapaswa kurudishwa kwa mtafiti ili aikamilishe kabla ya kuwa msingi wa uamuzi unaowahusu watoto wa Musoma, Bunda na Butiama.